UZI: Refa anajibu swali la sheria, hamchezei mtu. Yaliyonikuta kwenye shindano la karata hapa Mtwara

Refa wa Shangani (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Nina jambo limenikaa rohoni wiki ya pili sasa. Najua humu wapo wanaocheza karata za kukusanya, Magic, Pokémon, Yu-Gi-Oh!, na wapo waliowahi kuamua mchezo wowote ule hata wa kijiweni. Naomba tulijadili kwa utulivu.

Kwa wasioujua: Magic: The Gathering ulibuniwa na Mmarekani Richard Garfield, ukatoka mwaka 1993. Sizungumzii karata zetu za kopa na shupaza. Hapa kila mchezaji anakuja na fungu lake mwenyewe, karata zisizopungua 60, na anaruhusiwa nyingine 15 za akiba. Unaanza na uhai 20, ukifika sifuri umekwisha. Kila karata ina maandishi yake na zimetoka maelfu kwa maelfu, kwa hiyo hakuna binadamu anayejua zote zitagongana vipi. Kitabu cha sheria kina kurasa zaidi ya 200. Ndiyo maana kwenye mashindano kuna refa anayezunguka mezani. Ukikwama unanyoosha mkono, unaita, mchezo unasimama.

Sisi tulikuwa 14 kwenye ukumbi mdogo huku Shangani. Wanne walitoka Lindi na Noah ya alfajiri. Shindano halikusajiliwa popote, lakini asubuhi nilisimama nikatangaza kwamba leo tunafuata taratibu za ushindani, siyo za kirafiki. Mshindi ni wa michezo miwili kati ya mitatu, raundi dakika 50, muda ukiisha mnacheza zamu tano za nyongeza basi. Wote wakakubali.

Raundi ya tatu, meza ya dirishani. Wa kulia alikuwa ameshashinda mchezo wa kwanza, wapo wa pili. Wa kushoto ana Lightning Bolt mkononi, karata ya papo hapo inayopiga pointi 3 popote unapoielekeza. Wa kulia ana Tarmogoyf mezani. Kiumbe huyu ukubwa wake haukuandikwa kwa tarakimu. Unahesabu aina za karata zilizomo makaburini, yaani marundo ya karata zilizokwisha kutumika au kufa, la kwako na la mwenzio: ikiwemo aina moja, nguvu yake ni 1 na ustahimilivu 2, zikiwa mbili, ni 2 na 3. Siku ile kaburi la kushoto lilikuwa na ardhi mbili (karata za kulipia nyingine), la kulia viumbe watatu. Aina mbili basi, yaani 2/3. Bolt inapiga 3. Kwa macho, Tarmogoyf kafa.

Wa kushoto akaomba tuzungumze pembeni. Ni haki yake, asije akamwonyesha mwenzake alichonacho. Tukasogea mpaka kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Akaninong'oneza, "Kaka, nikimpiga Tarmogoyf kwa hii, anakufa?" Nikaenda nikachungulia makaburi yote mawili, nikarudi, nikamwambia, "Hafi."

Na kweli hafi. Bolt ikishapiga, hatua yake ya mwisho kabisa ni kuingia kaburini. Mchezo unakagua nani kafa baada ya hapo. Kufikia ukaguzi huo kaburini imeshaongezeka aina ya tatu, ile ya papo hapo, na Tarmogoyf ameshakuwa 3/4. Ana majeraha matatu, anastahimili manne. Anaishi. Kisheria sikukosea hata nukta.

Jamaa akarudi akaibana Bolt yake. Zamu mbili mbele mwenzake akawa amebaki na uhai 3, akamrushia yeye mwenyewe. Mchezo wa pili ukaisha hivyo. Wa tatu muda ukawakuta, wakatoka sare.

Wa kulia hakupiga kelele. Alikusanya karata zake, akazigongesha mezani mpaka kingo zikalingana, akazitia kwenye boksi, akanifuata. "Refa, leo umecheza wewe."

Naamini alisema kweli. Sikuulizwa sheria, niliulizwa matokeo, na nikampa mtu matokeo kabla hajaamua. Kujua kwamba Bolt inawahi kaburini kabla ya ukaguzi ndio ufundi wenyewe tunaoshindania. Taratibu za ushindani zinatenganisha wazi: zipo habari ambazo refa anahimizwa kumsaidia mchezaji kuzipata, na zipo zinazopatikana kwa kuhesabu na kufikiri, ambazo refa haruhusiwi kumkokotolea mtu. Ukubwa wa Tarmogoyf umo kwenye kundi hili la pili.

Nilitakiwa nimuulize, "Unataka kujua sheria gani?" Angesema, "Bolt inaingia kaburini wakati gani?", ningejibu bila kusita, kwa sababu hapo njia kaiona mwenyewe. Angesema, "Nisomee Tarmogoyf," ningemsomea mwanzo mpaka mwisho. Lakini "anakufa?" ni kuniomba nimshikie karata.

Nyie mnaonaje?

Korosho Ghafi

Mkuu nimekusoma, ila nakupinga. Unajionea bure. Refa kaitwa kwa sababu anajua, mtu kauliza kajibiwa ukweli. Sasa ulitaka umfiche? Nusu ya vijana wetu Kiingereza cha kwenye zile karata kinawapiga chenga. Ukianza "uliza vizuri ndiyo nikujibu", unamwadhibu aliyesoma shule ya kata na kumpa faida aliyesoma ya kulipia. Huo ndio uonevu mkubwa kuliko hilo la Bolt.

Refa wa Shangani

Korosho Ghafi, hoja yako ni nzito, na nimeshakutana nayo.

Kwanza, kiwango cha mashindano kina maana. Siku ya kujifunza, siku ya kirafiki, habari zote hizo za kuhesabu zinakuwa wazi: ukiuliza Tarmogoyf ana ukubwa gani unaambiwa, na refa anasaidia. Siku hiyo ningejibu vile vile na roho yangu ingekuwa safi. Ila asubuhi nilitangaza ushindani na wa kulia aliingia kwa tangazo hilo.

Pili, lugha. Kutafsiri nakubali kabisa, na ni kazi yangu. Nachokataa ni kutafsiri kipande kinachomfaa mtu. Ukiitwa kutafsiri karata, itafsiri yote, pamoja na mstari usiohusika na hali ya sasa. Ukisoma mstari mmoja tu umeshamnyooshea kidole.

Na tafsiri ina mtego wake. Kuna viumbe wana uwezo ambao huku mtaani tulikuwa tunauita "hafi". Mtu mzima anaweka kiumbe wake, "huyu hafi." Mwenzake anampunguzia ustahimilivu kwa 3 mpaka unafika sifuri, kiumbe anakwenda kaburini, ugomvi unaanza: "Si ulisema hafi?" Karata haikusema hafi. Imesema HAHARIBIKI. Majeraha hayamharibu, karata inayosema "haribu" haimgusi, lakini ustahimilivu ukiwa sifuri anakwenda kaburini bila kuharibiwa na mtu. Vile vile mwenye kiumbe akilazimishwa kumtoa kafara, anakwenda. Kuharibu na kutoa kafara ni mambo mawili, na Kiswahili tunayo maneno ya kutosha kuyatenganisha tukiamua. Tangu siku ile neno "hafi" nimelipiga marufuku kwenye meza zangu.

Neno "lenga" nalo ni hivyo hivyo. Kiumbe asiyelengwa na adui bado anaweza kutolewa kafara kama karata imemwamuru MCHEZAJI achague mmoja wa viumbe wake. Aliyelengwa ni mchezaji.

Ngoja Waje

Nimekaa. Uzi wa maana huu, hasa hapo kwenye "haharibiki".

Mzee wa Mikindani

Wanangu, mimi hizo karata zenu sizijui. Nimecheza bao tangu nikiwa mdogo, bao letu la kete 64 na mashimo 32. Nimesoma kisa hiki mara mbili maana kimenigusa.

Barazani kwetu, kijana akiwa kwenye namua, hatua ya kuingiza kete za akiba, akainua kete na kutuuliza wazee, "Nikiitia hapa nakula au natakata?", yaani atakula kete za mwenzake au atasambaza zake tu, jibu lake ni moja: "Tia uone." Hakuna aliyeonewa. Kete ziko mbele yake, macho anayo, vidole anavyo. Lakini akiuliza kuhusu lile shimo lake kuu, "Nyumba yangu bado ni nyumba, au ilishavunjika?", hapo tunamjibu, kwa sababu hilo ni jambo lililokwisha kutokea na wote wawili wanapaswa kulijua sawasawa.

Na mtazamaji anayetonya tunamwambia ahame benchi. Siyo kwa ubaya.

Refa wa Shangani

Shikamoo mzee. Umenifungua. Lililokwisha kutokea nalisema, lijalo silisemi. Nimekaa na vitabu vya taratibu miezi mingapi, na sikuwahi kuliona hivyo.

Kuhusu kutonya, kwetu ni kosa kubwa. Mchezaji akiomba au akipokea msaada wa nje katikati ya mchezo, anapoteza raundi nzima, na anayetoa msaada naye anahesabiwa hivyo hivyo. Mtazamaji akiona sheria imevunjwa anaruhusiwa kuwaomba wasimame akamwite refa. Aishie hapo, asiseme ni kosa gani.

Binti wa Nachingwea

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni wa Yu-Gi-Oh!, nilijifunzia chuoni. Kwetu tatizo hili ni kubwa zaidi kwa sababu ya neno moja dogo.

Kuna uwezo wa hiari umeandikwa "WAKATI jambo fulani linapotokea, unaweza…" na mwingine umeandikwa "KAMA jambo fulani likitokea, unaweza…". Ukisikia kwa sikio la kawaida ni kitu kimoja. Kwenye sheria vimeachana kabisa. Wa "wakati" unataka jambo lile liwe la mwisho kutokea. Kikifuatia kitu kingine hata kidogo, fursa imekupita. Wa "kama" unakusubiri. Nimeshuhudia dada mmoja analia kwa sababu mwamuzi alimtafsiria "wakati" kama "kama", baadaye akageuza uamuzi zamu mbili zilishapita.

Jingine, wanaohama kutoka Magic wanatusumbua. Kwenu karata zinapangwa rundo, ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kufanya kazi, na kila moja ikishamaliza mnaweza kuongeza nyingine juu ya zilizobaki. Kwetu nako mnyororo unaanzia mwisho kurudi mwanzo, lakini ukishaanza kufunguka haukatizwi na mtu, unafunguka wote. Refa wa michezo yote miwili aangalie asijibu kwa mazoea.

Fundi Simu Ligula

Mimi nilikuwepo siku hiyo, meza ya mwisho mlangoni. Nauliza vitu viwili mkuu.

Kwanza, joto la ukumbi ule lilifanya mifuko ya plastiki ya karata igandane. Nilivuta karata moja zikaja mbili, mwenzangu akanyamaza, nikairudisha moja mwenyewe. Ilikuwa sawa? Na kuna jamaa alikuwa anakula ming'oko huku anacheza, karata zake zikawa zinanata kuliko za wote.

Pili, ulipita mezani kwetu wakati nimesahau kujiongezea uhai 1 ambao kiumbe wangu hunipa kila zamu. Uliona, na hukusema kitu. Kwa nini?

Refa wa Shangani

Fundi, la kwanza, haikuwa sawa, japo najua hukuwa na nia mbaya. Usijirekebishie mwenyewe, niite. Nikifika sitaanza na adhabu, nitaanza na swali: iliingia mkononi au hukuichanganya na nyingine? Kama uliiona tu na haijagusa zako za mkononi, unapewa onyo, na sehemu ya fungu isiyojulikana inachangwa upya ili ulichokiona kisikufae. Kama imeshachanganyika mkononi, ni onyo pia, lakini unamfunulia mwenzako karata zako, naye anachagua ipi iondoke, inachangiwa kwenye fungu. Ukiirudisha kimya kimya unachagua wewe, na kwa hakika utabaki na ile nzuri. Hata kama hukukusudia.

Ndiyo maana refa anaanza na kilichotokea kabla ya kufungua kitabu. Anamsikiliza mmoja mpaka amalize, kisha wa pili, asimruhusu yeyote kumkatiza mwenzake. Anatazama karata zilipo, anauliza nani aliyekuwa anacheza, ardhi ngapi zimelazwa kuonyesha zimeshatumika. Mara nyingi kwenye "kesi ya sheria" wote wawili wanaijua sheria vizuri, wanachobishania ni kama karata ilishawekwa mezani au bado iko hewani mkononi. Kuna meza moja ya Lindi walibishana dakika tatu, kumbe upepo wa kusi uliopita dirishani ndio ulioigeuza karata, hakuna aliyeigusa.

La ming'oko, mkutano ujao chakula ni nje ya meza.

La pili: uwezo unaoamka wenyewe ni wajibu wa mwenye kiumbe kuukumbuka. Katika ushindani mwenzako halazimiki kukukumbusha faida yako, na mimi nikikukumbusha nimekuchezea, kosa lile lile la meza ya dirishani. Naingilia pale tu uliposahaulika ni ule unaomuumiza mwenyewe, au nikihisi mtu anafanya makusudi.

Korosho Ghafi

Hapo kwenye kuchagua karata ya kurudi nimekuelewa. Bado la lugha sijakubali lote, ila la kutafsiri karata nzima nalichukua.

Swali la haraka: waliotoka sare wakikubaliana kurusha shilingi ili apatikane mshindi wa kusonga mbele?

Refa wa Shangani

Ni marufuku kabisa, na hata kulipendekeza tu ni kosa. Mmoja anaweza kukubali kushindwa kwa hiari yake, hilo linaruhusiwa, mradi hajaahidiwa kitu. Shilingi, kete, mkono-karatasi-jiwe, hapana.

Meza ya Dirishani

Salaam. Mimi ndiye wa kulia. Mtu kanitumia huu uzi jana usiku nikiwa Lindi.

Kaka, nashukuru umeandika kama ilivyokuwa. Nina mawili ya kuongeza. Sikusikia mlichoongea pale kwenye ndoo, na sikuhitaji kusikia. Nilimwona anaondoka ameshika karata yake kama mtu anayekwenda kuitupa, akarudi ameituliza nyuma ya nyingine. Nikajua ameshaambiwa.

La pili hukuliandika, na ndilo lililoniuma zaidi. Mlikaa pembeni dakika nne. Niliangalia saa ya ukutani, nilikuwa sina cha kufanya. Hukutuongezea hata moja. Mchezo wa tatu muda ulipoisha nilikuwa mbele, uhai 11 kwa 4, Tarmogoyf wawili mezani. Zamu tano zikaisha mwenzangu amebaki na uhai 1. Raundi ikaandikwa sare, nikawa wa tano, na walioingia nusu fainali ni wanne.

Refa wa Shangani

Ndugu yangu, nimesoma ujumbe wako nikasimama kwanza.

Ni kweli. Kanuni inasema refa akiisimamisha meza zaidi ya dakika moja anawaongezea muda waliopoteza. Sikufanya. Nilikuwa nimeshikilia lile neno lako, "umecheza wewe", nikadhani ndilo deni langu lote. Hili la dakika sikuliona mpaka asubuhi hii, na lina uzito kuliko la Bolt, maana la Bolt walau lilipita kwenye akili yangu na nikaamua. Hili lilinipita tu.

Matokeo siwezi kuyarudisha, waliocheza nusu fainali walicheza kihalali. Mbele ya wote humu nakuomba radhi. Mkutano ujao nikifika kwenye meza nitaangalia saa kabla sijauliza swali, nikimaliza nitaandika dakika za nyongeza kwenye karatasi ya matokeo, ninyi wawili mkiwa mnaona, na kila mmoja atatia sahihi pembeni. Na ukiona nimesahau, nyoosha mkono uniambie, hata kama nimeshageuka kuondoka. Hiyo siyo kumkosea adabu refa.

Fundi Simu Ligula

Mimi naleta saa kubwa ya mezani, ipo dukani haina kazi.

Meza ya Dirishani

Radhi nimeipokea kaka. Nitakuja, na Tarmogoyf nakuja nao wote wanne. Ila mtuwekee meza mbali na dirisha.